Chupa ya Jabali

Nepi tatu zilikuwa zimeanikwa kwenye nondo za dirisha la ofisi ya upelelezi, na hakuna askari aliyethubutu kuziondoa. Mkuu wa kituo alipita asubuhi, akazitazama, akakohoa, akaenda zake. Mwenye nepi alikuwa na umri wa miezi minne. Mama yake alikuwa mahabusu tangu juzi Jumanne jioni, akituhumiwa kumtilia baba yake mzazi sumu kwenye chai.

Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele ya huyo mama, akamsubiri amalize kumnyonyesha mtoto titi la kwanza. Hakuwa mwanamke wa haraka. Wenzake walisema angeweza kusubiri jiwe lichemke.

"Nieleze tena," alisema. "Anzia mlangoni."

"Nimeshaeleza mara nne, afande."

"Ya tano ndiyo hukolea."

Huyo binti alimhamishia mtoto upande wa pili. "Nilifika studio ya filamu saa saba mchana. Chupa ya chai mkononi, mwanangu mgongoni. Miaka kumi na moja sijamtia baba machoni. Nikamkuta kwenye kile kiti chao cha kuigizia, karibu na dirisha la uongo. Nikasema, baba, huyu mjukuu wako. Nikamnyooshea mtoto. Akaficha mikono nyuma. Akasema, 'Mtoe hapa. Usimlete karibu yangu.'"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia bora ungekufa mimi nikiwa tumboni. Wote walisikia. Nilitaka wasikie."

"Halafu chai."

"Nikammiminia hivyohivyo. Mama yangu alinilea ugomvi ni ugomvi, chai ni chai. Akanywa nusu kikombe."

"Na chupa ukaiosha."

"Nikaiosha bombani. Chai ilikuwa ya maziwa. Hivi nyie kwenu chombo cha maziwa kinakaa mpaka kinuke?"

Inspekta aliinamia jalada. Mzee alikutwa amekufa kwenye kile kiti saa kumi, na damu yake ilikutwa na dawa ya moyo kupita kiasi. Binti huyu aliuza dawa kwenye duka la dawa, miaka sita sasa. Alikuwa na sababu, alikuwa na ujuzi, na chombo pekee ambacho kingeweza kumtetea alikuwa amekisafisha mwenyewe mpaka kikang'aa.

"Mumeo?"

"Anaendesha lori la masafa marefu. Yuko njiani, siku mbili hajafika mahali penye simu."

"Mama yako alipofariki, baba alikuja kuzika?"

"Alikuwa kazini." Binti alicheka kicheko kikavu. "Nilipozaliwa alikuwa kazini. Nilipoolewa alituma zawadi. Picha yake mwenyewe, imesainiwa."

Nje ya mlango koplo alikuwa akimngoja Inspekta na funguo za gari. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, lakini leo alizungumza kwa sauti ya msibani. "Afande, kesho saa tatu mwendesha mashtaka anataka jalada mezani. Akilipata kama lilivyo, huyu mama anakwenda kushtakiwa kwa mauaji. Na mtoto watamchukua."

"Najua."

"Basi tunakwenda wapi?"

"Kutazama sinema," alisema Inspekta.

Njiani koplo alisimulia aliyoyasikia kwa mama yake kuhusu marehemu, mwigizaji Jabali, maana mama yake alikuwa mmoja wa wale. Wale waliojaza kumbi enzi filamu zilipokuwa nyeusi na nyeupe, wakalia hadi vitambaa vikalowa kila Jabali alipouawa. Vinyozi walikuwa na mtindo wa nywele kwa jina lake. Mtu aliketi akasema tu "nikate Jabali", na kinyozi akajua. Rangi zilipoingia kwenye filamu, walitafutwa vijana. Jabali akatafuta chupa. Ndoa tatu zilivunjika mkononi mwake. Alimvunja mpiga picha wa gazeti taya, akafungwa miezi miwili, na siku aliyotoka hakuna aliyemngoja langoni. Miaka ishirini alipanga chumba nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, akivaa miwani myeusi hata siku za mvua. Miaka mitatu ya mwisho aliacha pombe kabisa, akawa mtu wa peremende, anatafuna asubuhi hadi jioni kama mtoto wa shule. Ndipo mwongozaji mmoja kijana alipomkumbuka, akampa filamu ya kurudi nayo.

"Mama yangu alipoliona gazeti jana alizima jiko," alisema koplo. "Tumelala na mikate."

Studio ilikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi nyeusi kwa ndani. Katikati kilisimama chumba chenye kuta tatu tu: kiti chenye mikono kilichochakaa, meza ndogo, gilasi, chupa ya dawa ya kioo cha kahawia, dirisha lenye pazia. Ukizunguka nyuma ya kuta uliona mbao, misumari na nyaya. Kila kitu kilikuwa pale kilipokuwa Jumanne, kwa kuwa polisi walifunga kamba kuzunguka na kumweka askari.

Mwongozaji aliwapokea na majibu yake mkononi.

"Mzee amejiua, afande. Mbona iko wazi? Kwenye hadithi anaigiza mzee anayemeza vidonge afe. Siku hiyohiyo naye akafa kwa vidonge. Maisha yalikuwa yamemshinda. Alikuja kwangu afe kwa heshima."

"Umeshawaambia waandishi wa habari?"

"Waliniuliza."

"Na bango la filamu umeshalibadilisha?"

Mwongozaji alitazama viatu vyake. "Limekwenda kuchapwa," alisema.

"Nionyeshe mkanda wa Jumanne. Na wa Jumatatu pia."

Waliingia chumba kidogo chenye viti sita na pazia jeupe. Mwongozaji alieleza kuwa tukio lile la vidonge walilipiga mara tatu. Kila mara huitwa teki. Teki mbili Jumatatu, moja Jumanne saa nne asubuhi. Taa ikazimwa, mashine ikaanza kunguruma.

Teki ya kwanza. Jabali anamimina vidonge kwenye kiganja, anavitazama, anavitia mdomoni, maji, anameza. Teki ya pili vivyo hivyo, kichwa kimeinama zaidi kidogo. Kisha ya tatu. Kiganja, mdomo. Hapo taya la mzee likasimama. Ngozi chini ya jicho la kushoto ikacheza, mara moja. Shingo ikakaza. Akanyanyua gilasi, akanywa, akameza kwa shida kama anayemeza mfupa, kisha akainua macho kwenye lile dirisha na kuyaacha huko. Inspekta alihesabu sekunde saba. Sauti ikaita "Kata!" na makofi yakalipuka kwenye mkanda.

"Tulipiga makofi wote," alisema mwongozaji gizani, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ya kijana tu. "Mimi nililia."

"Rudisha. Hapo kwenye taya."

Walitazama mara tatu.

"Jumatatu uso wake haukufanya hivyo," alisema Inspekta. "Ulimwambia aongeze?"

"La. Aliongeza mwenyewe. Mwigizaji mkubwa huongeza."

"Alikuwa anameza nini hasa?"

"Peremende za minti. Ndogo, nyeupe, ukubwa wa kidonge."

"Peremende ni tamu. Mtu hakazi taya kwa kitu kitamu."

"Huyo amekaza kama mtoto aliyepewa kwinini," alisema koplo.

Mtunza vifaa wa studio aliitwa Kabati, kwa sababu hapakuwa na kitu ukimwomba kikakosekana kwenye mifuko yake: kamba, mshumaa, bawaba, pete ya harusi ya bandia. Alikuja akijifuta jasho.

"Mimi sijaweka sumu mahali," alisema kabla hajaulizwa. "Chupa ile ina peremende zangu, nilinunua mwenyewe. Tazameni!" Akapita chini ya kamba, akaizibua chupa, akajitupia moja mdomoni.

"Tema!" koplo alinguruma, akamrukia.

"Minti," alisema Kabati, akihema, peremende kwenye ulimi. "Minti tupu, jamani, niacheni."

Inspekta alimwacha dakika nzima, akimtazama rangi ya uso. Alipoona Kabati haanguki, alitandika karatasi nyeupe mezani, akavaa glavu, akaimwaga chupa yote. Akachukua penseli, akaanza kusogeza moja moja kama mwanamke anayechambua mchele. Harufu ya minti ilijaa pale. Moja, mbili, kumi, ishirini. Koplo alihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Kwenye thelathini na nne penseli ilisimama.

"Koplo, lete jicho lako."

Kilikuwa cheupe kama wenzake, ukubwa uleule. Ila kilikuwa na mstari mwembamba katikati, ule ambao mtengeneza dawa huuchora ili mgonjwa aweze kukikata nusu. Inspekta alikinusa. Hakikunuka kitu.

"Hiki peremende yako?"

Kabati alikaa chini sakafuni. "Hapana, mama."

"Chupa umeitoa wapi?"

"Ya mzee mwenyewe. Mimi nilileta ya plastiki, mwongozaji akaikataa, akasema inaonekana mpya. Jabali akatoa yake mfukoni, akasema, 'Chukua hii, imezeeka pamoja na mimi.' Akamwaga dawa zake za moyo kwenye kipande cha gazeti, akakunja, akatia mfukoni. Mimi nikajaza peremende."

"Mfuko wa koti lipi?"

"Alilokuwa amevaa. La filamu."

Koti lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya kiti. Mfuko wa kulia ulikuwa na ganda moja la peremende na kipande cha gazeti kilichokunjuliwa, kitupu. Kwenye mikunjo yake palikuwa na unga mweupe kidogo. Inspekta alikitia kwenye bahasha, akaandika saa.

"Jumanne, baada ya ile teki, alilalamika chochote?"

"Alitapika," alisema Kabati. "Nyuma ya ukuta wa mbao. Akasema ni mayai ya asubuhi, nisimwambie mtu, wasije wakasema amerudia pombe. Halafu akaniambia, 'Kabati, taa zako leo zimekuwa njano kama kiini cha yai.' Nikacheka. Nikamwambia mzee, taa ni zilezile. Mikono ilimtetemeka, gilasi ikawa inagonga meno. Akaniomba nisimpe kitu cha kushika kinachovunjika."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa sita. Walikuwa ndiyo wanatoka kula."

Inspekta aliandika *saa sita*, akapiga mstari chini yake, akapiga wa pili. Koplo alikuwa amesimama akimtazama Kabati mdomo wazi.

"Ndiyo maana alificha mikono," alisema koplo polepole. "Saa saba. Alipoletewa mtoto."

"Andika hilo nalo," alisema Inspekta.

Alimpigia simu daktari wa uchunguzi kutoka ofisi ya studio. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kutapika, kuona vitu vya njano, mtetemeko: ndiyo, dawa ile ikizidi huleta hayo, na moyo uliochoka kama ule usingehimili. Huchukua muda? Saa kadhaa. Akifa saa kumi, aliimeza lini? Daktari alisema asubuhi.

"Chai ya saa saba haimtapishi mtu saa sita," alisema Inspekta akiweka simu.

Koplo alikuwa ameanza kutabasamu, kisha akajizuia. Alishawahi kukaa mahakamani. "Mwendesha mashtaka atasema Kabati amekosea saa. Au atasema mzee alijitilia mwenyewe vidonge chupani, na yule wa bango atafurahi. Kidonge hakina miguu, afande. Kuna aliyekitoa kwenye gazeti akakiweka kwenye chupa. Bila huyo mtu, sisi tuna taya na yai tu."

"Kweli," alisema Inspekta. "Basi twende kwa anayejua kila kitu kilikuwa wapi."

Chumba cha mtunza mfuatano kilikuwa mwisho wa ukumbi, kidogo, kimepangwa kama sanduku la bibi harusi. Mafaili ukuta hadi ukuta. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, penseli imechomekwa kwenye nywele, miwani imening'inia kwa uzi. Studio nzima ilimwita Daftari. Yeye ndiye aliyewaandikia polisi, juzi, maneno ya binti dhidi ya baba yake, neno kwa neno, na dakika pembeni.

Aliwapa viti, yeye akabaki amesimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hebu nifahamishe kazi yako, mama," alisema Inspekta. "Mimi filamu naona zikishaiva tu."

"Kazi yangu ni kuhakikisha kitu hakijasogea, hata kama kimesogea." Alisema kama mtu aliyekwisha kuyasema mara mia, lakini mgongo ulinyooka. "Leo tunapiga mtu anaingia mlangoni, kesho tunapiga anakaa. Kwenye filamu ni dakika moja. Basi kifungo kilichofunguliwa leo, kesho kiwe wazi. Mshumaa uliofika hapa uwe hapa. Napiga picha za papo hapo, naandika. Miaka thelathini na minane. Hakuna kifungo kilichonipita."

"Na Jabali?"

"Tangu filamu yake ya pili. Wengine wote wameondoka, tukabaki mimi na yeye. Alikuwa akifika, ananipa mkono, ananiuliza, 'Jana niliishia wapi?' Hata enzi za pombe, wakati hajui amelala nyumba gani. Nami nikimwambia: mguu wa kushoto mbele, kola imelala, sigara nusu." Alivaa miwani, akaivua. "Binti yake alikuwa akilala kwenye kapu la mavazi hapo nyuma, mdogo hivi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunika, baba mtu yuko kwenye taa. Sikutaka kuandika yale maneno yake, afande. Lakini nimeyasikia, na niliyoyasikia ninaandika."

"Naomba picha za meza. Jumatatu na Jumanne."

Hakuuliza za nini. Mkono wake ulikwenda kwenye faili bila macho kusaidia, ukarudi na picha tatu, kila moja na saa nyuma yake. Inspekta alizipanga mezani.

"Hii ni Jumatatu jioni, mmemaliza. Peremende zinafika wapi kwenye chupa?"

"Ukingo wa chini wa karatasi ya jina."

"Hii ya Jumanne saa mbili asubuhi?"

"Zimepungua vidole viwili. Mzee alikuwa akizila. Mtu ukimwacha na peremende..." Alikaribia kutabasamu. "Nilimgombeza."

"Na hii, saa nne kasoro dakika kumi. Kabla tu ya teki ya tatu."

"Zimerudi kwenye ukingo."

"Nani alizirudisha?"

"Mimi," alisema Daftari. "Teki ya Jumatatu na ya Jumanne zingeunganishwa. Chupa haiwezi kupungua na kujaa yenyewe. Kabati alikuwa juu ya ngazi anafunga pazia, wote wanangoja, mwongozaji anapiga kelele muda unakwenda. Sasa nimngoje Kabati ashuke? Nikajaza."

"Peremende ulizitoa wapi?"

"Kwenye koti. Mzee alikuwa na akiba yake mfukoni siku zote, nikachukua..."

Hakuimaliza sentensi. Koplo aliacha kuandika. Kutoka ukumbini ilisikika nyundo ya fundi, mapigo matatu, kisha ikaacha.

"Zilikuwa kwenye gazeti," alisema Daftari.

Inspekta aliweka bahasha mezani, kipande cha gazeti ndani yake. Pembeni akaweka kile kidonge chenye mstari, kwenye kifuko chake.

Mwanamke yule alivuta kiti sasa, akakaa. Alivitazama vitu vile viwili kwa muda mrefu, kwa jicho lake la kazi, jicho la kulinganisha.

"Hazikunuka," alisema. "Za Kabati ukifungua tu minti inakupiga. Hizi hazikunuka. Nilikuwa natazama ukingo. Zikafika kwenye ukingo, nikafurahi. Nilizitia juu. Ukiinamisha chupa, za juu ndizo zinazotoka."

"Mama," alisema Inspekta, "nakuonya kama sheria inavyotaka. Huna lazima ya kusema zaidi. Unaweza kuita wakili. Ukinyamaza hapa, mimi nina picha tatu tu, na picha hazionyeshi mkono."

"Alinitazama." Daftari kama hakusikia. "Mmeuona mkanda? Lile dirisha nyuma yake hakuna kitu. Ni mimi tu niliyekaa nyuma yake. Alipokwisha kumeza akanitazama, nami nikamtikisia kichwa kwamba kila kitu kiko sawa. Nilidhani anauliza habari ya kola."

"Alionja uchungu, kwa nini hakutema?" aliuliza koplo, kwa upole usiokuwa wa kiaskari.

"Mkanda ulikuwa unazunguka. Sijawahi kumwona akikatiza teki. Kuna siku mlango ulimvunja kidole, akamaliza maneno yake yote, akasubiri aambiwe 'kata', ndipo akapiga yowe. Pengine alidhani Kabati kabadilisha peremende. Pengine alijua." Alimgeukia Inspekta. "Alijua?"

"Hilo halimo kwenye picha wala kwenye mkanda. Siwezi kuliandika."

"Binti yuko wapi?"

"Mahabusu."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Daftari alichomoa penseli kwenye nywele zake, akaiweka mezani, akaisogeza mbali. "Andika basi, afande. Mimi nitasema, wewe andika. Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi na mbili, nilisimama upande wa kulia wa kiti..."

Alisema yote bila kurudia neno. Koplo alimkimbiza kwa kalamu, na mara mbili ilibidi amwombe apunguze mwendo. Alieleza mkono uliochukua, namna gazeti lilivyokunjwa, idadi aliyokadiria. Kumi na tatu, kumi na nne. Mwisho akasoma maelezo yote, akasahihisha dakika moja, akatia saini. Akauliza kama inaruhusiwa yeye mwenyewe amsomee binti wa Jabali, asije akasomewa na askari.

Saa kumi na moja walikuwa kwenye kaunta ya kituo. Inspekta alikuwa amezungumza na mwendesha mashtaka kwa simu. Huyo alisema tuhuma ya mauaji hataipeleka, na suala la bahati mbaya ile atalisoma kwa utaratibu wake. Binti angeweza kutoka jioni hiyo kwa dhamana ya polisi, hadi karatasi zikamilike kesho.

Daftari alisoma amesimama, sauti ya kazi, bila kupamba. Alisoma habari ya ukingo wa chupa. Alisoma na maelezo ya Kabati: saa sita, taa za njano, mikono iliyotetemeka, kitu kisichovunjika. Binti alisikiliza mtoto akiwa amelala begani mwake, na hapo kwenye mikono alifumba macho, akakaa hivyo hadi mwisho.

Koplo akafungua kitabu cha dhamana, kwa kuwa kitabu lazima kifunguliwe.

"Anatakiwa mdhamini," alisema. "Mumeo hajafika. Jirani?"

"Majirani walipoona gazeti walifunga madirisha."

"Niandikeni mimi," alisema Daftari.

Koplo alimtazama Inspekta. "Afande, huyu si ndiye..."

"Ana makazi, ana kazi, ana kitambulisho. Kwa leo ni shahidi. Sheria haimkatazi." Inspekta aliegemea kaunta. "Wa kumkataa ni mmoja tu."

Wote wakamgeukia binti. Alimtengeneza mtoto begani, akachukua muda wake. Daftari alisimama mikono imening'inia, hajui pa kuiweka.

"Maneno yangu ya siku ile," alisema binti hatimaye. "Uliyaandika yote?"

"Yote."

"Na niliyomwambia nikimkorogea sukari?"

"Nayo. 'Kunywa basi, baba, inapoa.' Saa saba na dakika ishirini na sita. Polisi waliniuliza ya ugomvi tu."

Inspekta alishusha macho kwenye kitabu. Hilo lilikuwa kosa lake, na aliliacha limkae.

Binti alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, mpaka haikujulikana kama anakubali au anajibembeleza mwenyewe.

"Mwandike," alisema.

Koplo aliandika jina, makazi, kazi. Kalamu ikasimama. "Hapa kuna uhusiano na mtuhumiwa. Siwezi kupaacha wazi."

Daftari alimtazama binti.

"Andika shangazi," alisema binti.

"Shangazi upande wa baba?"

"Kwani shangazi huwa wa upande gani mwingine, koplo? Andika."

Koplo akaandika, akakigeuza kitabu, akampa mwanamke mzee kalamu.